Kanzu Chini ya Kabuti

Serikali ilipovunjika nilisema alhamdulillah, na nilisema kwa sauti, nikiwa nimeegemea gari la serikali hiyohiyo, mshahara wangu ukitoka kwa serikali hiyohiyo. Dereva mwenzangu aliyekuwa karibu alinitazama kama mtu aliyecheka msibani. Sikujali. Ilikuwa saa tisa kasorobo za mchana, nilitakiwa nyumbani kwangu Laeken saa kumi, na nilikuwa nimevaa kanzu chini ya kabuti.

Sitasema ilikuwa serikali ipi. Nchi hii ndogo ina serikali ya taifa, serikali za mikoa, serikali za lugha, na nyingine ambazo mpaka leo sizielewi ingawa nimebeba wakubwa wake miaka sita. Inatosha kujua kwamba ilikuwa ya vyama vinne visivyopendana, vilivyokaa mezani baada ya uchaguzi, vikaandika mkataba mnene, vikagawana viti. Mke wangu, ambaye babu yake alikuwa na wake watatu, alipoelezwa alisema hiyo si serikali, huo ni uke wenza. Kila mtu na chungu chake, jiko moja.

Mimi nilimwendesha mmoja wa mawaziri hao. Nilimwita Madame, naye aliniita Monsieur, na katika miaka hiyo sita hatukuvuka hapo. Alikuwa mama wa makamo, mkaaji wa Auderghem, hana makuu. Asubuhi nilimkuta mlangoni kwake tayari ameshika makaratasi, jioni nilimrudisha na makaratasi yaleyale. Watu hudhani kazi ya dereva wa waziri ni kuendesha. Kazi ni kungoja. Na sisi madereva katika kungoja tulikuwa na elimu yetu: tulitazama kinachoingizwa mlangoni. Ikiingia kahawa tupu, wanatoka baada ya saa moja. Ikiingia mikate iliyotiwa jibini, hesabu saa tatu. Ikiingia supu, mpigie mkeo simu, kwa sababu supu haipelekwi kwa watu wanaotarajia kwenda nyumbani. Sikuwahi kuona supu ikasema uongo.

Sasa nieleze habari ya kanzu, maana ndiyo iliyoniweka roho juu.

Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, nikaja hapa mkimbizi. Aliyenipokea ni kaka yangu. Alinipa kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi miezi minane na hakunikumbusha hata siku moja. Alifariki miaka minne kabla ya hayo ninayosimulia, akaacha mke ambaye alishatangulia kurudi kwao, na binti mmoja. Siku za mwisho hospitalini sauti yake ilikuwa imekwisha. Alinivuta shati, akaniambia, "Mtoto wangu usimwache akasimama mlangoni peke yake." Hakusema mlango gani. Nami sikuuliza, nilimwambia hakuna shida.

Binti huyo kwetu si mpwa, ni mwanangu. Zamani aliniita baba mdogo, baba yake alipokufa akaliacha lile neno la mdogo. Anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba moja Ganshoren, anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza wakimwita kwa majina ya dada zao. Akapata mchumba, kijana wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka Bujumbura, Mwislamu kama sisi, fundi wa lifti. Nilimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu alikuja kutusalimia, akaikuta lifti ya jengo letu imekufa, akapanda ngazi orofa saba bila kulalamika na wakati wa kushuka akaitengeneza.

Mama yake kijana alikuja kutoka Uvira kwa ajili ya posa, viza ya mwezi mmoja. Mjane, mfanyabiashara wa vitenge, mtu wa maneno machache. Na kwa mujibu wa dini yetu mimi ndiye walii wa binti, kwa kuwa baba hayupo, babu hayupo, kaka hana. Ningeweza kumteua mtu aseme kwa niaba yangu. Nilimpendekeza imamu wetu. Yule mama alijibu kupitia kwa mwanawe kwamba hakupanda ndege mbili ili kuzungumza na mwakilishi, anataka mtu wa damu.

Tukapanga Jumamosi ya kwanza. Ijumaa yake Madame akaniuliza kama Jumamosi nitaweza kazi, "Ça va pour samedi?" Vyama vilikuwa vimegombana juu ya sheria fulani ya pensheni, wanakutana kesho. Nikajibu, "Pas de problème, Madame," yaani hakuna shida. Nikampigia kijana simu: mwambie mama tungoje kidogo. Tukapanga Jumapili ya wiki iliyofuata. Vyama vikagombana tena, juu ya sheria ileile. Pas de problème, Madame. Mwambie mama tungoje kidogo.

Mke wangu alikaa jikoni mikono kiunoni. "Kwani mdomo una kufuli? Huyo Madame si mtu? Mwambie una posa."

"Habari za nyumbani hazipelekwi kwa mkubwa wa kazi."

"Basi waambie wakwe kwamba uko na waziri."

"Nilitia sahihi. Nilipo na niliye naye havisemwi."

"Kwa hiyo huku husemi na kule husemi," alisema, "halafu sisi tule pilau ya kungoja."

Ndivyo nilivyolelewa. Buyenzi mtu mzima akiombwa jambo husema hakuna shida kwanza, kisha huenda kutafuta namna ya kuitatua ile shida. Mara nyingi namna hupatikana. Nilizoea hivyo mpaka nikasahau kwamba upande wa pili mtu anaweza kuniamini.

Ikabaki Jumamosi ya tatu, saa kumi, baada ya alasiri. Ndiyo ya mwisho, kwa sababu Jumapili asubuhi yule mama anapanda ndege. Sambusa zikakunjwa, viti vikaazimwa kwa jirani. Ijumaa jioni simu ikalia nikiwa nakata vitunguu. Alikuwa Madame, sauti imechoka. Waziri mkuu amewaita wote kesho saa nne asubuhi, huenda ikawa siku ndefu, ça va? Mke wangu alisimama akanitazama machoni. Nami, Mungu anisamehe, nikasema hakuna shida.

Mke wangu hakufoka. Aliweka mwiko chini, akafunga mlango wa jikoni polepole, na huko ndiko kufoka kwake.

Jumamosi niliamka alfajiri, nikaswali, nikavaa kanzu yangu nyeupe, ile ya Idi. Nikaikunja pindo nikaipandisha na kuibana kwenye mkanda wa suruali, juu yake nikavaa kabuti jeusi la kazi, nikafunga vifungo vyote. Kofia niliitia mfukoni. Nilijitazama kwenye kioo nikaonekana nimenenepa kidogo, basi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mkutano ukiisha hata saa tisa na nusu, nitakwenda moja kwa moja bila kubadili nguo.

Mvua ilianza tulipotoka Auderghem na haikukoma. Madame hakusoma makaratasi siku hiyo, alitazama dirishani njia nzima. Nilimshusha ofisini kwa waziri mkuu saa nne kasoro dakika tano. Tukabaki madereva wanne na magari manne, tukajibanza chini ya dari ya kuingilia gereji. Mmoja alikuwa Mflemi mzee, mtu wa lugha ile nyingine ya nchi hii, anayekaribia kustaafu, dereva wa waziri wa chama kilichokuwa kinaikwamisha ile sheria ya pensheni. Alikuwa rafiki yangu mkubwa pale, ingawa mabosi wetu walikuwa hawasalimiani.

Saa tano ikaingia kahawa. Nikasema vizuri. Saa sita ikaingia mikate. Nikasema bado kuna nafasi. Nilikuwa najiambia hivyo huku kanzu inanipa joto na jasho linatiririka mgongoni. Saa nane na dakika chache likaja gari la mpishi, wakashusha masufuria mawili makubwa yenye vifuniko, na harufu ya vitunguu vya majani ikatufikia mpaka chini ya dari. Yule Mflemi akanitazama kwa huruma. "Supu," alisema.

Nilimwona kaka yangu akinivuta shati. Nikawaza kuacha funguo kwa mwenzangu nikatimua mbio, nikawaza mshahara, nikawaza nyumba, nikabaki nimesimama palepale. Ndipo simu ikalia, binti yangu.

"Baba, utakuja?" Hakuwa analia. Afadhali angelia. Ilikuwa sauti anayowasemesha wale wazee wake, taratibu, neno kwa neno. "Kama huji niambie sasa. Nitatoka chumbani mwenyewe, nimwambie mama yake mwenyewe. Ila usiniache nikawa nachungulia mlango."

"Nakuja, mwanangu."

"Unasema hivyo siku zote," alisema, akakata.

Niliilaani ile serikali. Sijawahi kuwa mtu wa siasa, nilipiga kura kwa sababu hapa ni lazima, lakini siku ile niliilaani kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa, niliulaani mkataba wao mnene na pensheni zao. Nilimwomba Mungu wakubaliane upesi. Haikunijia akilini kumwomba wasikubaliane, na huenda ndiyo maana nikapewa zaidi ya nilichoomba.

Saa tisa kasorobo mlango mkubwa ukafunguka. Alitoka waziri wa yule Mflemi peke yake, anatembea haraka bila kofia kwenye mvua. Waandishi wa habari waliokuwa ng'ambo ya barabara wakamkimbilia na kamera. Yule mzee alikimbilia gari lake, na akipita karibu yangu akasema maneno mawili tu, "Imeanguka. Kwisha." Supu hata haikuwa imemiminwa. Hapo ndipo niliposema alhamdulillah.

Madame alitoka dakika tano baadaye. Nilimwendea na mwavuli, nikauinua juu ya kichwa chake, yeye ni mrefu kuliko mimi, na tukapita katikati ya kamera mpaka garini. Waliuliza maswali, hakujibu. Nilimfungulia mlango, nikaufunga, nikazunguka kukaa nyuma ya usukani. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha na nilijitahidi uso wangu ufanane na siku yenyewe.

Hatukufika mbali. Kwenye taa za kwanza akasema, "Miezi sita, Monsieur. Miezi sita tunawauliza wale wenzetu kama wataipigia kura ile sheria, wanasema hakuna shida, tungoje kidogo. Wangesema hapana siku ya kwanza, tungetafuta njia nyingine." Nami nilihisi masikio yangu yanawaka, kwa sababu maneno hayo niliyajua, yalikuwa yangu.

Kisha akainama mbele kati ya viti, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Monsieur, ni nini hicho cheupe?"

Nikatazama chini. Pindo la kanzu lilikuwa limechomoka kwenye mkanda, sijui ni wakati ule niliponyoosha mkono na mwavuli, limening'inia chini ya kabuti hadi kwenye viatu, limelowa na lina tope.

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikamwambia jambo la nyumbani kwangu: kaka, binti, mama wa Uvira, Jumamosi ya kwanza na ile Jumapili. Nilisema vibaya, Kifaransa kilinikimbia, lakini nilisema lote.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi, Madame."

Alitazama saa yake. "Na mara zote hizo nilikuuliza. Ningekuja kwa teksi. Ningeendesha gari langu. Kwa nini ulisema hakuna shida?"

"Ndivyo tunavyosema," nilimjibu, na nilisikia mwenyewe jinsi jibu hilo lilivyo dogo.

Aliniamuru nisimame mlangoni pa metro, treni ya chini ya ardhi. Nikakataa, akasema bado ni waziri kwa leo. Alishuka, akasita na mwavuli mkononi, akarudi dirishani kuniuliza tiketi inanunuliwa wapi. Nilimwambia siku hizi unagusisha kadi ya benki tu kwenye kimashine. Akaniambia nenda, na Jumatatu saa mbili kama kawaida, maana serikali iliyoanguka nayo inahitaji dereva mpaka ipatikane nyingine. Nilimwona akiteremka ngazi, hakuna aliyemtambua, na mimi nikawa namwonea huruma na kumpenda kwa wakati mmoja.

Gari la serikali haliendi posani. Nililirudisha gerejini katika foleni ya mvua, nikatia sahihi, nikapanda metro hadi kituo cha Laeken, kutoka hapo nikakimbia, mtu wa miaka hamsini na mbili, pindo mkononi. Lifti ilikuwa nzima. Niliingia saa kumi na dakika ishirini.

Wageni walikuwa wamekaa, watu sita, na nilipowaona nikajua hali ilivyo: hakuna aliyevua koti. Yule mama wa Uvira alikuwa kwenye kochi, mkoba juu ya magoti, mikono miwili juu ya mkoba. Kijana alikuwa anatazama zulia. Mke wangu alisimama karibu na televisheni iliyokuwa inawaka bila sauti. Mwanamke huyu ambaye maishani mwake hakuwahi kutazama habari za siasa alikuwa ameiwasha tangu asubuhi, ajue kama mumewe atakuja.

Nikasalimia, nikaanza maneno yaliyopangwa, ya kumshukuru Mungu na kuwakaribisha. Yule mama akainua mkono.

"Papa, unisamehe. Mimi nilitoka Uvira na avion mbili. Mara ya kwanza ulisema tungoje. Mara ya pili ulisema tungoje. Kwetu muntu akitaka kukatala, hasemi hapana, anasema tungoje. Na leo tena umetukalisha. Donc, kama mutoto wangu hamumutaki, sema tu. Kesho niko narudi, niende najua."

Ningemwambia nini? Nilikuwa kazini? Kila anayekataa posa yuko kazini. Nilisikia mlango wa chumba ukifunguliwa kidogo, nikajua ni nani yuko nyuma yake.

Mke wangu ndiye aliyeshtuka. Alichukua kidude cha televisheni akaongeza sauti. Pale kwenye kioo ulionekana mlango mkubwa, mvua, watu na vinasa sauti, Madame amejiinamia, na pembeni yake mtu mfupi mwenye kabuti jeusi amenyoosha mkono na mwavuli juu kama anachuma embe. Chini ya kabuti, kitambaa cheupe kinapepea.

Yule mama aliinuka nusu kutoka kwenye kochi. Alitazama televisheni, akanitazama mimi, maji yananitiririka kwenye zulia la mke wangu.

"Papa, huyu haiko weye?"

"Ni mimi, mama. Ndiyo kazi yangu. Mara zote mbili nilikuwa hapo."

"Na ile mweupe?"

Nikafungua vifungo vya kabuti. Kanzu ya Idi, tope mpaka magotini.

"Uliivaa saa ngapi?"

"Alfajiri, mama. Nilikuwa nayo ndani siku nzima. Nilikuwa nakuja kwenu." Na kwa kuwa nilishaanza, nikaendelea. "Nilipaswa kukwambia ukweli tangu mara ya kwanza. Sikusema, na kosa ni langu. Mwanao namtaka. Nilimtaka tangu siku aliyotutengenezea lifti."

Kwenye televisheni mtu wa tai alikuwa anaeleza kwamba nchi imeingia katika kipindi cha wasiwasi. Yule mama aliuchukua mkoba wake akauweka chini, kando ya mguu, akavua koti, akampa mwanawe alishike. Wale wengine nao wakavua.

"Muzimishe ile mashini," alisema. "Tuzungumuze."

Mazungumzo hayakuchukua hata nusu saa. Yalipofika mahali pa kumwuliza binti, niliinuka mimi, kwa kuwa ni kazi ya walii. Alikuwa pale nyuma ya mlango wa chumba, amevaa gauni la kijani alilolishona mke wangu, bega moja limeegemea fremu. Nilisimama karibu naye, kwenye kizingiti hichohicho.

"Umelowa, Baba," alisema.

Nikamwuliza kama anakubali. Kwetu msichana akiulizwa hivyo hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo jibu. Alikuwa anaijua desturi hiyo vizuri kuliko mimi. Alinitazama usoni.

"Nimekubali," alisema, na waliokaa sebuleni walisikia. "Na wewe? Umekubali kweli, au unasema tu?"

Walii haulizwi. Lile neno langu la siku zote lilinifika mpaka ncha ya ulimi, nikalimeza.

"Nimekubali," nilimwambia. "Na nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi sana, na baba yako angefurahi kuliko mimi."

Alinifuta uso kwa kiganja, kama anavyowafuta wazee wake, kisha akanishika mkono tukatoka pamoja kwenda sebuleni.